Chekechea au Chekeche? Shule Inaposema Inapokea Watoto Wote

Bangoni pameandikwa kwa rangi ya kijani: TUNAPOKEA WATOTO WOTE. Chini ya maandishi kuna twiga anayecheka na namba ya kulipia karo. Tulifika langoni saa moja na nusu asubuhi, Januari ya mwaka juzi, mimi na dada yangu na mwanawe wa miaka minne, tumebeba kila tulichoagizwa: nakala ya cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki, roli mbili za karatasi ya shashi na pesa za fomu. Ni mtaa ulio magharibi mwa Nakuru, ambako Januari vumbi huingia hadi ndani ya kopo la sukari.

Mwalimu aliyetupokea hakuwa na ukali wowote. Alimwinamia mpwa wangu, akamwonyesha picha ya gari, akamwuliza kwa Kiingereza hiki ni nini. Kimya. Akamwuliza ni la rangi gani. Mpwa wangu alikuwa ameshalala kifudifudi chini ya meza, shavu sakafuni, anazungusha gurudumu la kigari cha plastiki alichokiokota huko, amelisogelea mpaka kope zinakaribia kuligusa. Mwalimu akaandika kitu daftarini. "Mama, huyu bado," akamwambia dada. "Mrudishe akishaanza kuongea." Dada akajibu, "Sawa mwalimu, asante." Ile asante ndiyo iliyoniuma. Pesa za fomu hazikurudi.

Lile bango halijanitoka akilini. Siamini kwamba aliyeliandika alikusudia kudanganya. Nadhani alitaka kusema kwamba pale hawaulizi kabila wala dini, na kwa mji huu hilo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba neno "wote" limebebeshwa mizigo mitatu minne isiyofanana, na mzazi aliyesimama langoni hajui ni upi kati ya hiyo anaoahidiwa. Yuko anayesema wote akimaanisha wa kila kabila. Yuko anayemaanisha wa kila mfuko. Yuko anayemaanisha hata asiyesikia, asiyeona, asiyekaa kitako. Na wako wengi ambao hawajawahi kujiuliza.

Kiswahili chenyewe kina utani hapa. Chekeche ni kile chombo cha kuchungia unga: unakitikisa, unga laini unapita, chenga zinabaki juu, zinamwagiwa kuku. Chekechea ni herufi moja tu zaidi. Asubuhi ile nilihisi herufi hiyo imefutika.

Tuanze na sheria, maana hiyo ndiyo rahisi. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na katika orodha yake ndefu ulemavu umetajwa pamoja na dini, lugha, asili ya mtu na hali ya afya. Tena kinamkataza mtu binafsi sawasawa na kinavyoikataza serikali. Kifungu cha 54 kinasema mwenye ulemavu ana haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, kwa kadiri hilo linavyoafikiana na maslahi yake. Huo mkia wa mwisho tuuweke kando kidogo, tutaurudia. Halafu kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayokataza shule ya umma kumfanyia mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Ikimpima, iwe ni kwa kumpangia darasa linalomfaa.

Neno la kuangalia hapo ni "umma". Chekechea nyingi za mitaani kwetu ni za watu binafsi: nyumba ya vyumba vitatu iliyopakwa rangi, bembea mbili, basi dogo la manjano. Ndiko intavyu zinakofanyika, mtoto wa miaka mitatu na nusu akiulizwa maswali huku mama yake akimfinyia jicho.

Na hata ile ya umma ina mzazi wa kambo. Jedwali la Nne la Katiba lilizipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea, shule ya msingi ikabaki kwa serikali ya kitaifa. Matokeo yake utayaona ukiingia ua wowote wa shule ambao madarasa haya yamepakana. Mtoto wa gredi ya kwanza ana mgao unaotoka Nairobi, matunda ya elimu bila malipo ya 2003. Wa PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, aliye upande wa pili wa ukuta uleule, anategemea bajeti ya kaunti na mfuko wa mzazi. Ukuta wa inchi sita, serikali mbili.

Kuna jambo jingine dogo ambalo hunifanya nitikise kichwa. Sensa ya 2019 ilisema kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu. Wengi huitaja takwimu hiyo bila kusoma kilicho chini yake: ni ya watu wa miaka mitano na zaidi. Mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ana miaka minne. Kwa hiyo kaunti inapokaa kupanga madarasa ya chekechea na mahitaji maalum, hesabu iliyo mezani haina hata mmoja wa watoto wale hasa wanaobisha hodi mwaka huo.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2006, Kenya ikauridhia 2008. Mwaka wa 2016 kamati inayousimamia ilitoa ufafanuzi kuhusu elimu, na ndani yake ikatofautisha hali nne ambazo sisi tunazitupa kapu moja.

Ya kwanza ni kufungiwa nje. Mpwa wangu chini ya meza ile. Ya pili ni kutengwa, yaani mtoto anasoma, lakini mahali pa wenzake wa aina yake peke yao. Ya tatu ni kuchanganywa: anaingizwa darasa la kawaida kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayejikunja alingane nalo. Ya nne, kujumuishwa, ni pale darasa linapojikunja limfuate yeye. Ukizisikia haraka haraka, ya tatu na ya nne utaona ni kitu kimoja. Ndizo zinazotuchanganya zaidi, na naona shule nyingi zenye bango kama lile, zikifanya bidii kabisa, hufika ya tatu zikakaa hapo.

Nitatoa mfano. Shule moja niliyowahi kuitembelea ilikuwa na msichana wa kiti cha magurudumu. Mlango wa darasa una ngazi mbili. Kila asubuhi wavulana wawili wa gredi ya sita walikuja kumbeba, kiti na yeye ndani yake, na wageni walipenda sana kupiga picha: ona upendo! Mimi niliona ngazi. Mifuko miwili mitatu ya saruji na fundi wa siku moja, huyo mtoto angeingia mwenyewe. Na ambalo picha haikuonyesha ni kwamba akishaingia hatoki, kwa sababu wabebaji wako darasani kwao hadi saa nne. Alikuwa amejifunza kutokunywa maji asubuhi. Huyo amechanganywa. Ngazi ikiondolewa ndipo tuanze kuzungumzia kujumuishwa, na hata hapo bado kuna choo.

Halafu kuna kitengo. Shule nyingi za umma zina darasa maalum ndani ya ua, kwa kawaida mwisho kabisa, karibu na vyoo. Kwenye karatasi watoto hao wako shule ya kawaida. Uani wanaitwa "wale wa kitengo", na wakati wa mapumziko kengele yao hugongwa saa tofauti. Ni hatua ya pili iliyovaa sare ya hatua ya tatu.

Msomaji asinielewe vibaya akadhani nataka shule maalum zifungwe. Hapa ndipo ule mkia wa Kifungu cha 54 unapofanya kazi. Nakuru kuna Ngala, ya watoto viziwi. Kisumu kuna Kibos, ya wasioona, na Joyland, ya wenye ulemavu wa viungo. Mumias na Nyangoma zimefundisha viziwi kwa miongo mingi. Mfikirie mtoto kiziwi. Viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua lugha ishara hata neno. Ukimweka mtoto huyo katika chekechea ya mtaani ambamo mwalimu hajui ishara na wenzake 40 hawajui, umemjumuisha na nini? Atakaa pale kama mtu aliyealikwa harusini asimjue bwana wala bibi harusi, akicheka wenzake wakicheka. Miaka hiyo minne mitano ndiyo ubongo unapojenga lugha kwa urahisi zaidi. Ikipita bila lugha yoyote, hasara yake hudumu. Kwake, kukaa na viziwi wenzake na mwalimu anayejua ishara ndio mlango wa kuingilia dunia. Mkataba wenyewe unalikiri jambo hili, unataka viziwi na wasioona wafundishwe kwa lugha na katika mazingira yatakayowakuza zaidi.

Ila shule hizo mara nyingi ni za bweni, na mtoto wa miaka minne kulala mbali na mamake si jambo la kupitishwa kwa saini moja. Nimemwona baba akirudi na begi tupu kutoka kumpeleka mwanawe, akakaa kwenye matatu akilishika begi lile kama kwamba lingali na uzito. Ninachotaka ni kwamba asichague kwa sababu chekechea ya jirani ilimfungia mlango. Achague kwa sababu ameona zote mbili, na ile ya jirani imeshajaribu.

Kujaribu kukoje? Mpwa wangu tulimpeleka kwanza kituo cha tathmini. Vituo hivi vilianza mwaka wa 1984, na wazazi wengi hawavijui mpaka mtoto afikishe miaka minane. Walianza na masikio, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kwa mtoto yeyote aliyechelewa kusema, maana wengi huitwa wazito wa akili kumbe ni wazito wa kusikia. Masikio yalikuwa mazima. Walicheza naye chini sakafuni karibu saa nzima, wakatuambia kuna dalili za usonji, yaani autism, tofauti ya ukuaji inayogusa mawasiliano, wakatuonya tusiligeuze neno hilo kuwa jina lake. Barua yao ndiyo tuliyobeba hadi chekechea ya kaunti, ndani ya ua wa shule moja ya msingi.

Mwalimu wa pale ana watoto 38 na msaidizi mmoja ambaye siku nyingine haji. Hakusoma barua kwanza. Alimwuliza dada: "Anapenda nini? Anaogopa nini? Akikasirika mnamtulizaje?" Maswali matatu. Dada, ambaye kwa miezi alikuwa ameulizwa tu kile mtoto asichoweza, alikaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Anapenda kinachozunguka. Anaogopa kelele za ghafla. Akikasirika, mwachie nafasi, usimguse.

Nilirudi wiki iliyofuata nikakaa nyuma kwenye kigoda ambacho magoti yangu hayakukipenda. Juu ya ubao palitandwa kamba ya kuanikia nguo, na vibanio vitano vimeshika picha zilizochorwa kwenye boksi la sabuni: kikombe cha uji, choo, mpira, mkeka, nyumba. Kila shughuli ilipoisha mwalimu alikwenda kwenye kamba, akageuza picha moja nyuma, akaonyesha inayofuata, akaanza wimbo wake. Watoto walishajua: picha ya choo ina wimbo wake, picha ya uji ina wake. Nikadhani amefanya hivyo kwa ajili ya mpwa wangu. Akacheka. Alizitengeneza mwaka uliotangulia kwa ajili ya msichana aliyekuwa hasikii vizuri. Msichana ameshapanda gredi ya kwanza, lakini picha zimebaki, kwa sababu aligundua kwamba zinamsaidia pia aliyekuja jana kutoka Kuresoi akijua Kikalenjin pekee, na yule anayelia kila asubuhi kwa kuwa hajui nyumbani ni saa ngapi. Sasa analia hadi picha ya tatu tu.

Hilo, kwangu, ndilo lenye maelezo mengi kuliko warsha yoyote. Unachomtengenezea mmoja aliyekwama huwafaa wengi ambao hukujua kwamba nao wamekwama. Si jambo geni pia. Maria Montessori, daktari Mwitaliano ambaye jina lake limebandikwa kwenye chekechea za bei ghali hadi Milimani, alianza kwa kuwafundisha watoto waliodhaniwa hawafundishiki. Vifaa alivyojifunza kuvitumia kwao, vya kushika, kupanga na kufunga vishikizo, ndivyo alivyopeleka mwaka wa 1907 kwa watoto wa mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma. Yaani kile ambacho mzazi tajiri hulipia leo kilianzia kwa watoto ambao shule hiyohiyo ingewaambia "huyu bado".

Kabila na lugha. Hapa Nakuru hatuwezi kuzungumzia "wote" tukaliruka hili. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mji huu uliwaka. Watu waliuliwa wakisakwa kwa majina yao, kwa lafudhi, kwa mtaa waliopanga. Baadhi ya waliokuwa chekechea mwezi huo ndio leo wanaoleta watoto wao chekechea. Kwa hiyo mwalimu anaposoma majina kwenye rejista asubuhi, hasomi majina tu. Wazazi wako dirishani, wanahesabu. Sijawahi kusikia mtoto wa miaka minne akimwuliza mwenzake ni kabila gani bila ya swali hilo kuwa limepikwa nyumbani. Mwalimu wa mpwa wangu akilisikia hamkemei mtoto. Humwuliza, "Wewe nyumbani mnaitaje maji?" Basi darasa zima linaanza kushindana: maaĩ, pi, beek, amatsi. Dakika kumi wamesahau swali.

Sera ya lugha ni ya zamani kuliko mabishano yetu. Tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule, na mtaala wa sasa umeendelea na wazo hilo. Kijijini Siaya hiyo itakuwa Dholuo. Hapa Nakuru, mitaa kama Kaptembwo au Rhonda, ambako ploti moja ina makabila sita na choo kimoja, ni Kiswahili. Lakini mzazi analipa akitaka kusikia Kiingereza, na shule inamuuzia anachotaka. Ndiyo maana mtoto aliyejua vizuri kabisa gari ni nini anaulizwa kwa lugha asiyoijua, kisha tunasema hajui. Nimeona pia diski ikivishwa shingoni mwa mtoto wa PP2 kwa kosa la kuongea lugha ya mama, kile kipande cha mbao tulichovishwa sisi. Mnyororo wake ni uleule: aliyenayo hutega sikio amnase mwenzake amvishe. Shule ina kibandiko cha "umoja" ukutani na kifaa cha kufundisha usaliti shingoni mwa mtoto.

Vibandiko hivyo ni vya mtaala. Mtaala wa umilisi una maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Nimewahi kusikia PP1 wakiyaimba yote manane bila kukosea, huku nyuma wawili wanavutana kigoda mpaka mguu ukatoka. Mtoto wa umri huo hashiki neno kama "haki ya kijamii". Anashika ni nani aliyepewa kikombe cha kwanza jana, na leo, na kama kesho zamu yake itafika kweli.

Kwa hiyo ukitaka kujua maadili ya chekechea, usiulize ofisini. Nenda wakati wa uji. Shule kadhaa hutoza uji kando na karo, na mtoto ambaye mzazi hajalipa hukalishwa pembeni akiangalia wenzake wakinywa. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemchapa. Lakini watoto 30 wamefundishwa kwa dakika 15, kila siku ya wiki, kwamba kuna watu wa kunywa na watu wa kutazama. Mimi nathubutu kusema umaskini unawaondoa watoto wengi zaidi chekechea kuliko ulemavu, ila huwaondoa kimyakimya, na mlemavu maskini huondolewa mara mbili. Pale kwa mpwa wangu walipiga hesabu wakaamua sufuria ni moja na ni ya wote. Uji ukawa mwepesi kidogo. Mzazi mmoja alilalamika, na naelewa, yeye ndiye aliyelipa. Alijibiwa kwamba akipenda mwanawe abebe chupa yake. Alibeba siku mbili, kisha mtoto mwenyewe akaikataa.

Kiboko sina haja ya kukijadili sana. Kilipigwa marufuku 2001, na sheria ya 2013 imeweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Kinachonishangaza ni wazazi wanaomwambia mwalimu "mchape tu, mwalimu, nimekuruhusu". Ruhusa hiyo si yao kutoa. Dini nayo, kwa kuwa mtaala una masomo ya Kikristo, Kiislamu na Kihindu tangu chekechea, hoja hubaki moja: mwalimu ni mmoja. Mtoto wa Kiislamu kutoka Bondeni hutolewa nje "akacheze" wakati wa somo la Biblia. Mchezo wa peke yake si mchezo. Shule yenye akili humwomba ustadhi wa karibu nusu saa kwa wiki, au hupanga vipindi hivyo wakati mmoja.

Ugumu mkubwa zaidi niliouona haumo katika sheria wala majengo. Umo kwa wazazi wengine. Dada aliwahi kusikia langoni: "Huyo atamfundisha mtoto wangu hizo tabia." Na mwaka uleule mtoto mwingine alipoanguka kifafa wakati wa mchezo, akina mama watatu walitaka kuhamisha watoto wao, kwa sababu mate yake yalimrukia jirani. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kugusa wala kwa kuvuka mkojo. Anayeanguka hulazwa ubavu, huondolewa vitu vigumu karibu yake, hawekewi kijiko wala kidole mdomoni, na saa huangaliwa: ikipita dakika tano bila kutulia, ni hospitali. Watoto wenyewe walilielewa hilo siku hiyohiyo. Kesho yake walikuwa wakiigiza, mmoja anaanguka, mwingine anamgeuza ubavu, wa tatu anashika saa isiyokuwepo. Mama zao ndio walihitaji kikao. Wazee walisema kabla hujafa hujaumbika, na kikaoni pale bibi mmoja aliyekuja kwa niaba ya mjukuu alilitamka hilo, akakaa. Hakuna aliyehamisha mtoto.

Tusiwafanye walimu malaika, na tusiwatwike ulimwengu. Mwalimu aliyetuambia "huyu bado" alikuwa na watoto wengi, hana msaidizi, na bosi anayehesabu ni wangapi watasoma sentensi za Kiingereza siku ya wazazi. "Wote" ina gharama yake: mtu mzima wa pili darasani, mfuko wa saruji, mchana mmoja wa kukaa na watu wa tathmini. Shule inayosema "hatuna haya, lakini tunaweza haya, njoo tujaribu muhula mmoja" mimi naiamini kuliko yenye bango. Ndiyo sababu rafiki akiniuliza siku hizi amtafutie mwanawe chekechea wapi, humwambia aombe kuona choo, kisha aulize ni mtoto gani alikuwa mgumu kwao mwaka jana na walifanyaje. Asiyekumbuka hata mmoja, labda watoto hao waliishia langoni. Anayeanza kusimulia, akitabasamu, na kukuonyesha kitu alichotengeneza kwa kamba na boksi, huyo kaa naye.

Mpwa wangu sasa yuko PP2. Kengele ya pale ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini, na muhula wa kwanza ilimtesa: ikigongwa anaziba masikio, anajikunja, nusu ya somo imepotea. Mwalimu akampa kazi ya kuigonga yeye. Sauti uliyoipiga mwenyewe haikushtui, unajua inakuja. Saa nne kamili huonyeshwa picha ya kikombe, huenda mtini, hupiga mara tatu kwa kipande cha chuma, huitazama rimu ikizunguka mpaka itulie kabisa. Maneno yake bado ni ya kuhesabu. Anasema "uji". Mimi ananiita "nko".

Ijumaa iliyopita nilikuwa pale. Foleni ya watoto ilikuwa nyuma yake, kila mmoja anataka zamu ya chuma, na msichana wa mbele akanyoosha mkono. Mpwa wangu akakikumbatia kile chuma kifuani, akaigeukia rimu iliyokuwa ingali ikizunguka, akamwambia, "Bado."